Gari Huchukuliwa na Upepo: Mipira na Magurudumu Kabla ya Mavuno

Mavuno yamekaribia, na kila mwanachama mwenye gari ameshaanza kuitazama gari yake. Atabadilisha mafuta ya injini, atatia maji kwenye rejeta, atasikiliza kama injini yavuta vyema au yakohoa. Yote hayo ni mema. Lakini tukiuliza ni wangapi waliochutama wakaitazama mipira iliyo chini ya gari, au matairi kama wasemavyo wengine, hapana shaka watakaonyosha mkono watakuwa wachache. Wengi wetu twaitazama mipira kama tunavyovitazama viatu vya shamba: huvaliwa mpaka vitoboke, ndipo vikumbukwe.

Khabari hii twaiandika kwa sababu tumefunzwa na kosa letu wenyewe. Msimu mmoja wa mavuno uliopita tulikuwa tukirudi kutoka shamba wakati wa alasiri. Gari ndogo ya mizigo ilikuwa imejaa magunia ya karafuu mbichi, na juu ya magunia walikaa wachumaji sita. Mvua ilikuwa imenyesha na njia imelowa. Tulipokuwa tukiteremka kilima, mpira wa nyuma wa upande wa kushoto ukapasuka kwa mshindo kama wa bunduki. Gari ikayumba, ikatoka njiani, ikaegemea ukingo wa mtaro. Alhamdulillahi hakufa mtu. Lakini bibi mmoja aliyekaa pembeni alitupwa chini akavunjika mkono karibu na kiganja. Magunia mawili yalipasuka na karafuu zikamwagika matopeni.

Karafuu zile zilizolwa, zikaoshwa, zikaanikwa, na msimu ukaendelea. Kwa yule bibi msimu ulikwisha siku ile ile. Alikaa na mkono kwenye plasta wiki sita, na wiki sita hizo ndizo zilizokuwa mavuno. Mchumaji hulipwa kwa alichokichuma, na mwenye mkono mmoja hapandi mkarafuu. Tulimgharimia matibabu na tukampa cha kujikimu, lakini twajua ya kuwa fedha ile haikuwa sawa na jasho lake mwenyewe, na maumivu hayakuwa ya kulipika.

Siku ya pili fundi aliutoa ule mpira kwenye ringi akatuonyesha mambo matatu. Kwanza, meno yake yalikuwa bado marefu, na ndiyo sababu tuliuamini. Lakini umri wake, kama ulivyopigwa chapa ubavuni, ulikuwa miaka kumi na moja. Pili, ndani yake mlikuwa na vumbi jeusi la mpira uliosagika, dalili ya kuwa umekwenda mwendo mrefu ukiwa na upepo haba. Tatu, alituuliza tulipakia nini, na tulipomjibu akatikisa kichwa tu. Katika mambo hayo matatu hakuna hata moja lililokuwa siri. Yote tungaliweza kuyajua asubuhi ile, kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kazi ya dakika tano.

Kibebacho ni upepo

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: gari haibebwi na mpira, hubebwa na upepo ulio ndani ya mpira. Mpira ni kama gunia. Gunia halina nguvu ya kusimama peke yake, lakini likijazwa karafuu na kushonwa vizuri husimama na kubeba gunia jingine juu yake. Ndivyo ulivyo mpira wa gari. Kazi yake ni kuuzuia upepo usitoke, kushika njia, na kupokea misukosuko ya mawe na mashimo.

Watu wa zamani walikwenda kwa magurudumu ya mti na chuma, kisha kwa mipira mizito isiyo na upepo. Robert William Thomson, Mskochi, aliandikisha hati ya gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, alitengeneza mipira ya upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili isimtikise mno. Tangu hapo biashara ya mipira ya upepo ikakua, na hii leo hata lori kubwa kabisa huchukuliwa na kitu kile kile: upepo uliofungiwa.

Sehemu ya mpira mmoja wa gari ndogo inayogusa njia kwa wakati mmoja si kubwa kuliko kiganja cha mtu mzima. Basi gari yako nzima, na mzigo wako, na watu wako, wameshikwa na viganja vinne. Breki zikiwa nzuri namna gani, haziwezi kusimamisha gari ila kwa kupitia viganja hivyo.

Upepo ukipungua, ubavu wa mpira hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Kukunjika huko huleta moto. Moto ukizidi, tabaka za ndani ya mpira huachana, na mwisho wake ni ule mshindo tuliousikia sisi. Kwa hivyo mpira wenye upepo haba ni khatari zaidi siku ya mzigo mzito, jua kali na safari ya haraka, nazo ndizo siku zetu za mavuno.

Namna ya kupima

Usipime kwa jicho, wala kwa kuupiga mpira teke. Mipira ya siku hizi hubonyea kidogo chini hata ikiwa na upepo wa kutosha, na mpira uliopungukiwa na robo ya upepo wake waweza kuonekana sawa na wenziwe. Nunua kipimo cha upepo. Ni kitu kidogo cha kutia mfukoni, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mpira mmoja.

Pima asubuhi kabla gari haijatembea. Mpira uliotoka safari umepata moto, na upepo wake umetanuka, kwa hivyo kipimo kitasema uwongo. Wengine hupima mchana, wakaona upepo umezidi, wakaupunguza. Hilo ni kosa kubwa, kwani jioni mpira ukipoa utakuwa umepungukiwa. Usitoe upepo katika mpira wa moto.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo pembezoni mwa mlango wa dereva. Kufuata kibandiko hicho ni bora kuliko kufuata desturi ya fundi anayejaza gari zote kwa kipimo kimoja. Namba kubwa iliyopigwa ubavuni mwa mpira si kiasi cha kujaza kila siku. Hiyo huonyesha mwisho wa uwezo wa mpira. Gari nyingi tulizonazo zimetoka Japani, na vibandiko vyake huandikwa kwa kilopaskali, yaani herufi kPa, ilhali vipimo vyetu vingi husomwa kwa ratili. Ili kumpunguzia mwanachama kazi, twaweka hapa hesabu yake: 200 ni ratili 29, 220 ni ratili 32, 240 ni ratili 35, na 300 ni kama ratili 44. Gari za mizigo mara nyingi huwa na kiasi chake cha mipira ya mbele na chake cha mipira ya nyuma. Tazama yote mawili.

Mpira mzima kabisa, usio na tundu, hupoteza kama ratili moja kila mwezi. Asiyepima tangu mavuno yaliyopita asishangae akikuta upungufu mkubwa. Twashauri kupima mara moja kwa wiki mbili siku za kawaida, na mara moja kwa wiki wakati wa mavuno. Usisahau mpira wa akiba, na usiache vali bila ya kifuniko chake, kwani mchanga ukiingia vali huvuja polepole.

Kuzidisha upepo nako si dawa. Mpira uliojaa kupita kiasi hugusa njia kwa katikati tu, hushika vibaya kwenye maji, hurukaruka, na hupasuka upesi ukigonga jiwe.

Mzigo na wachumaji

Hapa ndipo tulipokosea zaidi, nasi twaomba wanachama wapige hesabu pamoja nasi. Zile gari ndogo za mizigo za Kijapani, ambazo watu huziita kirikuu, zimetengenezwa kuchukua kilo 350 tu nyuma. Ikiwa gunia lako lina kilo 50, basi hayo ni magunia saba, na asipande mtu juu yake. Watu sita, kila mmoja akiwa na kilo 60, ni kilo 360. Maana yake ni kwamba gari ile siku ile ilikuwa imezidi kabla hatujapakia gunia hata moja.

Tena tukumbuke ya kuwa karafuu mbichi imejaa maji. Ikikauka hupoteza kama theluthi mbili ya uzito wake. Mtu aliyezoea kupakia karafuu kavu kwenda kituoni akihesabu magunia ya mbichi kwa mazoea yale yale, atajidanganya.

Ubavuni mwa mpira imo namba inayoonyesha mzigo unaoweza kubeba. Katika maandishi kama 175/70 R14 84S, namba 175 ni upana wa mpira kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, R ni namna ulivyosukwa, 14 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, 84 ni namba ya mzigo, na S ni mwendo. Namba ya mzigo 80 ni kilo 450 kwa mpira mmoja, 84 ni kilo 500, 91 ni kilo 615, na 100 ni kilo 800. Uzito wa gari yenyewe umo ndani ya hesabu hiyo, na mzigo wa nyuma haugawanyiki sawasawa, bali mipira miwili ya nyuma ndiyo huchukua sehemu kubwa. Basi muuzaji akikupa mpira wa gari ya abiria kwa kuwa tundu la ringi ni lile lile, mkatalie. Gari ya mizigo yataka mpira wa mizigo.

Wachumaji wapelekwe kwa safari yao na karafuu kwa safari yake. Petroli ya safari ya pili tunaijua bei yake. Mkono wa mtu hatuujui.

Umri, meno na majeraha

Mipira mingi iuzwayo visiwani imeshatumika nchi nyingine. Hatusemi isinunuliwe kabisa, kwani twajua hali za wenzetu, lakini mnunuzi asome kabla ya kutoa fedha. Tafuta ubavuni herufi DOT, na mwisho wa maandishi yake utaona tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, mpira huo ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukiona tarakimu tatu tu, mpira umetengenezwa kabla ya mwaka 2000, usiuguse. Maandishi hayo huwa ubavu mmoja, na pengine umegeuzwa ndani, basi chutama utazame.

Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Jua na hewa huukausha, ukawa mgumu na kufanya nyufa ndogo ndogo. Watengenezaji wengi hushauri kuwa mpira ukifika miaka mitano utazamwe na fundi kila mwaka, na ukifika kumi utolewe, ijapokuwa meno yake ni mazuri. Na wale wanaopaka mipira mafuta machafu ya injini au dizeli ili ing'ae, waache. Mafuta hayo huula mpira. Maji na sabuni yatosha.

Ndani ya mifereji ya mpira vimo vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, mpira umekwisha, ni kipara. Kwa njia zetu za vilima na mvua ni bora kuutoa mapema zaidi, meno yakifika milimita 3, kwani kazi ya mifereji ni kuyakimbiza maji, na mfereji usio na kina haukimbizi kitu.

Meno husema mengi kwa anayetaka kuyasoma. Yakiliwa katikati, upepo umezidi. Yakiliwa pembe zote mbili, upepo umepungua au mzigo umezidi. Yakiliwa pembe moja tu, magurudumu hayaelekei sawa, basi mpelekee fundi ayapime. Yakiliwa kwa vidimbwi, hapa juu na hapa chini, tazama shokapu na beringi. Kuubadilisha mpira bila ya kuondoa sababu ni kununua hasara ya pili.

Ukiona uvimbe ubavuni, nyuzi zimekatika ndani. Mpira huo hauna dawa. Utoe siku hiyo hiyo.

Ili mipira iishe pamoja, ihamishwe mahali kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, ya mbele iende nyuma na ya nyuma ije mbele. Ukinunua miwili tu mipya, yenye meno zaidi itie nyuma, kwani gari ikiteleza nyuma ni vigumu kuirudisha kwa sukani.

Pancha na viraka

Waswahili wasema mdharau mwiba mguu huota tende. Msumari mdogo unaotoa upepo kidogo kidogo ndio mwiba wenyewe. Asiyeushughulikia hujaza upepo kila asubuhi, na njiani hutembea na mpira nusu, mpaka ubavu ukasagika.

Utambi unaosukumwa kwa nje unafaa kukufikisha nyumbani. Dawa ya kudumu ni kuutoa mpira kwenye ringi, kuutazama ndani kama haukusagika, na kuutia kiraka kwa ndani. Tundu lililopo kwenye meno, lisilozidi milimita 6, hutengenezeka. Tundu la ubavuni halitengenezeki, na fundi akikuambia atalishona, mshukuru uende zako.

Magurudumu na nati

Mpira mzuri juu ya gurudumu lililolegea hauna faida. Ukibadilisha gurudumu, simamisha gari mahali pa tambarare, teremsha watu wote, vuta breki ya mkono, tia mawe kwenye gurudumu la upande wa pili, na legeza nati kidogo kabla ya kupandisha jeki. Usitie mwili wako chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Futa kutu na mchanga mahali gurudumu linapokutana na kitovu chake. Nati zenye upande mwembamba, upande huo uelekee ringi. Zikaze kwa kukabiliana, yaani ukikaza ya juu ifuate ya chini, si kwa kuzunguka duara, ili gurudumu likae sawa. Kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Jambo hili la mwisho ndilo watu wengi hawalifanyi. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati ni dalili kuwa nati hiyo yacheza.

Hewa ya bahari hula chuma. Ringi iliyoliwa na kutu ukingoni huvujisha upepo, na iliyopasuka yaweza kuachia mpira. Na wenye gari za mipira miwili miwili nyuma, watazame katikati yake kila safari. Jiwe likinasa hapo huikata yote miwili au huruka likampiga mtu. Mmoja ukiisha upepo, mwenziwe hubeba mzigo wa wawili, na dereva hana khabari.

Ukipasuka njiani

Mpira ukipasuka, shika sukani kwa mikono miwili uielekeze gari njia yake. Usikanyage breki kwa ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta polepole, iache gari ipunguze mwendo wenyewe, kisha utoke pembeni. Hayo twayasema, lakini kwenye mteremko uliolowa, na mzigo mkubwa nyuma, hata dereva mzuri ana machache ya kufanya. Kazi ya kweli ni ile ya asubuhi.

Shauri letu

Twapendekeza kila tawi la chama liwe na kipimo kimoja cha upepo na pampu moja, vikae kwa katibu wa tawi, na mwanachama yeyote aweze kuvitumia bure kabla gari haijakwenda shamba. Twapendekeza pia, mwanachama anayekodi gari ya mtu aione mipira yake kwanza, maana wachumaji watakaopanda ni wake, si wa mwenye gari. Mambo haya yataletwa katika mkutano ujao, na anayeona shauri bora zaidi alilete.

Yule bibi mkono wake ulipona, na msimu uliofuata alirudi kuchuma kwetu. Asubuhi ya kwanza hakupanda gari mara moja. Alizunguka upande wa kushoto, akautazama mpira wa nyuma, akatuuliza, "Bwana, leo umepima?" Tulikuwa tumepima. Kila mwanachama ajitayarishe kwa suali hilo, na awe na jawabu.